Mji Usio na Hati: Historia na Mila za Bugarama, Rusizi, Kupitia Kiswahili cha Mpakani

Ikisiri

Bugarama ni mji mdogo ulioko kusini-magharibi mwa Rwanda, mahali ambapo mipaka ya Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakutana. Katika mijadala ya sera ya lugha nchini Rwanda, Kiswahili huzungumziwa kama lugha iliyoletwa na uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuhalalishwa na sheria ya mwaka 2017. Makala haya yanafafanua kwa nini mtazamo huo hauelezi hali ya Bugarama, ambako Kiswahili kimekuwa sehemu ya maisha ya soko, msikiti na shamba kwa vizazi kadhaa. Kwa kuwa mji huu haukuachiwa hati nyingi, maneno ya mkopo yanatumika hapa kama ushahidi wa historia yake. Makala yanadai kuwa mtaala unaomfundisha mtoto wa Bugarama Kiswahili kana kwamba ni mgeni wa lugha hiyo unafuta sehemu ya historia ya Rwanda yenyewe.

1.0 Utangulizi

Wanahistoria wa miji midogo ya Ulaya wana bahati ambayo wenzao wa Maziwa Makuu hawana. Anayetaka kuandika juu ya Provins, mji mdogo wa Ufaransa uliokuwa na magulio makubwa katika karne ya 12 na ya 13, atakuta kuta zake zimesimama, maghala yake ya mawe yapo, na hati za watawala wa Champagne walioyalinda magulio hayo zimehifadhiwa. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia, na hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba Provins una historia.

Bugarama nayo ni mji wa soko. Nayo pia imekaa kwenye njia ya wafanyabiashara, imepokea lugha za watu wa mbali, na imejenga mila zake kutokana na mchanganyiko huo. Tofauti ni kwamba haikujengwa kwa mawe na haikupewa hati na mfalme yeyote. Vitabu vya historia ya Rwanda vinapoitaja, huitaja kwa ajili ya mpunga, saruji, au matukio ya mwaka 1994. Kwa mtafiti wa lugha, hata hivyo, mji usio na hati si mji usio na kumbukumbu. Maneno ambayo wakazi wake hutumia kila siku yamehifadhi mengi ambayo wasimamizi wa wilaya hawakuyaandika.

Msomaji aonywe mapema juu ya jambo moja dogo ambalo limewahi kuwapotosha wengi: Burundi nako kuna mahali paitwapo Bugarama, katika nyanda za juu za Muramvya. Anayepekua nyaraka za utawala wa Ubelgiji, ambapo Ruanda-Urundi iliendeshwa kama eneo moja, hana budi kuhakikisha ni Bugarama ipi inayozungumziwa.

2.0 Mahali na jina

Rwanda hujulikana kama nchi ya vilima elfu, lakini Bugarama ni tambarare. Iko katika bonde la mto Rusizi, mto unaotoka Ziwa Kivu na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Kingo za mto huo, kiasi cha mita 950 juu ya usawa wa bahari, ndizo sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda. Joto lake ni la nyanda za chini, na ukanda mzima huitwa Imbo, jina ambalo Warundi pia hulitumia kwa upande wao wa bonde. Magharibi, ng'ambo ya Rusizi, ni Kamanyola katika jimbo la Kivu Kusini. Kusini, ng'ambo ya mto Ruhwa, ni Cibitoke nchini Burundi. Mto Rubyiro unapita katikati ya mashamba ya mpunga. Hata jina la mto mkuu linabadilika mtu anapovuka: Wanyarwanda na Warundi huandika Rusizi, Wakongo huandika Ruzizi.

Jina Bugarama linafanana na kitenzi cha Kinyarwanda kugarama, yaani kulala chali. Kwa mtu anayeteremka kutoka vilima vya Nyakabuye na kuliona bonde likiwa limejinyoosha chini, maelezo hayo yanaridhisha, ingawa majina ya mahali ni eneo ambalo mtafiti mwangalifu huweka dai lake kwa unyenyekevu. Jina jingine la mahali hapo lina asili iliyo wazi zaidi: amashyuza, chemchemi za maji moto, neno lenye mzizi mmoja na gushyuha, kuwa moto. Watu huenda kuoga humo kwa imani kwamba maji hayo hutuliza maumivu ya mwili.

Jiografia hii ina tokeo moja kubwa kwa lugha. Barabara ya upande wa Kongo kati ya Bukavu na Uvira hupita katika miteremko mikali ya Ngomo, na kwa miaka mingi wasafiri na madereva wengi wa Kongo wamependelea kuvuka na kuingia Rwanda, kuteremka hadi Bugarama, kisha kurudi kwao kupitia Kamanyola. Kwa maneno mengine, safari kati ya miji miwili ya Kongo hupita ndani ya Rwanda, na abiria wake huzungumza Kiswahili. Mwenye kibanda cha chakula Bugarama hakuhitaji sheria wala mtaala ili ajue kuwa lugha hiyo ina faida.

3.0 Kinyaga na Bukunzi kabla ya Kiswahili

Eneo lote la kusini-magharibi lilijulikana kwa jina la Kinyaga. Catharine Newbury, katika kitabu chake cha mwaka 1988, The Cohesion of Oppression, alionyesha jinsi Kinyaga ilivyoingizwa polepole katika mamlaka ya ufalme wa Rwanda, hasa wakati wa Mwami Rwabugiri aliyefariki mwaka 1895. Kabla ya hapo watu wa Kinyaga walitazama magharibi na kusini kwa kiasi kilekile walichotazama makao ya mwami. Walibadilishana bidhaa na Bushi, kisiwa cha Ijwi na bonde la Rusizi. Vikuku vya nyuzi viitwavyo ubutega vilizunguka katika biashara ya Ziwa Kivu vikitumika karibu kama fedha.

Juu ya vilima vinavyoitazama Bugarama palikuwa na Bukunzi, na jirani yake Busozo, tawala ndogo ambazo ziliendelea kuwa na wafalme wao hadi wakati wa ukoloni. Mwami wa Bukunzi alikuwa mleta mvua. Heshima yake ilitokana na uwezo huo kuliko jeshi, na hata makao makuu ya Rwanda yaliitambua. Mwami Ndagano alipofariki mwaka 1923, utawala wa Ubelgiji haukukubali tena kuwepo kwa mamlaka yasiyoutii, na katikati ya miaka ya 1920 askari walitumwa kuzikalia Bukunzi na Busozo. Tawala hizo zikamezwa na mfumo mpya wa machifu.

Habari hizi zinafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba Rwanda imekuwa na lugha moja na mfalme mmoja tangu zamani. Kusini-magharibi palikuwa na wafalme zaidi ya mmoja, na masikio ya watu yalikwisha kuzoea Kirundi, Kifuliru na Kishi kabla Kiswahili hakijafika.

4.0 Askari, wachuuzi na mtaa wa Waswahili

Kiswahili hakikuingia Rwanda kwa njia kilimoingilia Ujiji au Tabora. Makao ya mwami yaliwazuia wafanyabiashara wa pwani kufanya makazi nchini, na misafara ya pembe za ndovu ilipita pembeni. Lakini bonde la Rusizi lilikuwa mlango wa nyuma. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alieneza nguvu zake kutoka Ujiji hadi Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Vitambaa na shanga viliteremka na kupanda bonde hilo, vikibebwa na watu waliojua maneno machache ya Kiswahili cha kupimia na kupatana bei.

Waliofuata walikuja na bunduki. Mwaka 1896 askari wa Dola Huru ya Kongo walijenga kituo Shangi, na jeshi la Rwanda lililojaribu kuwafukuza likashindwa. Mwaka 1898 Wajerumani nao wakaweka kituo hapohapo. Kwa zaidi ya muongo mmoja Ujerumani na Ubelgiji ziligombania mstari wa mpaka, hadi mapatano ya mwaka 1910 yalipoufuata Ziwa Kivu na mto Rusizi. Katika kipindi hicho pande zote mbili za mto zilikuwa na askari waliokuja kutoka mbali, waliooa wenyeji, na waliozungumza Kiswahili: askari wa Kijerumani Kiswahili chenye asili ya pwani, na wale wa Kongo Kiswahili cha bara kilichoitwa Kingwana. Mwezi Aprili 1916 majeshi ya Ubelgiji yalipovuka Rusizi kuelekea mashariki, makamanda walikuwa Wazungu, lakini lugha ya kambini ilikuwa hiyohiyo.

Kwa Wajerumani Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala, na Mwami Musinga mwenyewe alijifunza kukizungumza. Mamisionari wa Kikatoliki, waliofungua kituo cha Mibirizi katika Kinyaga mwaka 1903, walikitazama kwa mashaka kwa sababu walikihusisha na Uislamu, wakajenga shule na ibada zao juu ya Kinyarwanda. Utawala wa Ubelgiji ulirithi mashaka hayo. Ukawatenga waliohesabiwa kuwa Waswahili katika mitaa yao, ambayo Kigali ilifahamika zaidi kupitia Biryogo, na Usumbura kupitia Buyenzi.

Hapo ndipo jina la lugha lilipogeuka kuwa jina la aina ya mtu. Katika Kinyarwanda, umuswahiri likaja kumaanisha Mwislamu, mchuuzi, mkazi wa mjini asiye na ng'ombe wala kilima cha ukoo, na hatimaye mtu mjanja asiyeaminika. (Watanzania watalitambua jambo hili bila shida, kwa kuwa kwao pia kusema kwamba fulani ana Uswahili mwingi si kumsifu.) Tofauti ya Rwanda ni kwamba shutuma hiyo iliimarishwa na mipaka ya makazi na ya shule. Mtoto aliyeitwa mswahili alikuwa na nafasi ndogo ya kuingia katika shule za misheni, na bila shule hiyo biashara na udereva ndivyo vilivyobaki. Kisha akalaumiwa kwa kuwa mchuuzi na dereva.

5.0 Ushahidi wa neno moja: umuceri

Bugarama ya leo inajulikana kwanza kwa mpunga. Kilimo hicho kilipanuka baada ya uhuru kwa msaada wa wataalamu kutoka Asia, maji ya Rubyiro yakaelekezwa katika majaruba, na watu wakahamia bondeni kutoka vilimani. Mwaka 1984 kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilianza kuzalisha jirani na hapo kwa ushirikiano na China, na wafanyakazi wake wakaongeza soko la chakula.

Kinyarwanda hukiita chakula hicho umuceri. Ni neno la Kiswahili mchele, lililopewa irabu tangulizi, na sauti /l/ ikageuka /r/ kwa kuwa Kinyarwanda hakitofautishi sauti hizo mbili. Kirundi nacho husema umuceri. Hadi hapo ni mfano wa kawaida wa mkopo, kama iduka, isahani, ameza na isabune. Kinachostahili kuangaliwa ni maana. Kiswahili sanifu kina maneno matatu: mpunga shambani, mchele ghalani, wali sinia­ni. Kinyarwanda kina moja. Mkulima wa Bugarama hupanda umuceri, huvuna umuceri, huuza umuceri na kula umuceri.

Kwa nini lilikopwa neno la katikati, si la kwanza? Jibu linaloelekea kuwa la kweli ni kwamba watu walikutana na kitu chenyewe kikiwa katika hali hiyo ya katikati. Mchele ulifika kama posho na bidhaa, ndani ya gunia la mchuuzi au la kambi ya askari, kabla ya mtu yeyote wa eneo hili kuuona mmea wake. Mpunga ulipopandwa baadaye, neno la gunia lilikwisha kukaa, likashuka shambani na kupanda mezani. Neno moja, basi, linaonyesha mfuatano wa matukio: biashara kwanza, kilimo baadaye, na waliounganisha hatua hizo mbili walikuwa wazungumzaji wa Kiswahili. Haya hayathibitishi kwamba mkopo ulitokea Bugarama penyewe. Kuwepo kwa neno hilohilo katika Kirundi kunaashiria njia ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rusizi, njia ambayo Bugarama ni kituo chake cha kwanza ndani ya Rwanda.

Mikopo mingine inatoa ushahidi wa aina nyingine, ushahidi wa muda. Kitabu kimekuwa igitabo na msikiti umekuwa umusigiti. Katika maneno yote mawili /k/ imegeuka /g/ kwa sababu silabi inayofuata ina konsonanti isiyo ghuna /t/. Hii ni Kanuni ya Dahl, kanuni ya kifonolojia ya Kinyarwanda yenyewe, na maneno yanayoitii yamekwisha kuacha kuwa wageni. Ishuri nalo lina safari ndefu: Schule ya Kijerumani, shule ya Kiswahili, kisha ishuri. Mnyarwanda anayesema kuwa lugha yake imekopa kutoka Kijerumani moja kwa moja anamsahau mkalimani aliyesimama katikati.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni saa. Nambari sita na saba katika Kinyarwanda ni gatandatu na karindwi. Lakini mtu akiulizwa wakati wa adhuhuri hujibu saa sita, na saa inayofuata huitwa saa saba. Bibi wa kijijini asiyekubali kabisa kwamba anajua Kiswahili huhesabu mchana wake kwa Kiswahili.

6.0 Mila za mji

Jumuiya ya Waislamu ya Bugarama ni mojawapo ya zinazofahamika zaidi nje ya Kigali, katika nchi ambayo kwa sensa ya mwaka 2022 Waislamu ni takribani asilimia 2 ya watu wote. Madrasa ndiyo taasisi iliyokihifadhi Kiswahili kwa muda mrefu kuliko shule ya serikali. Mtoto hujifunza herufi za Kiarabu kwa ajili ya Kurani, na maelezo ya mwalimu hutolewa kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyarwanda. Istilahi za dini, kama futari, daku, hutuba na shahada, hazitafsiriwi.

Mila, hata hivyo, hazijagawanyika kwa ukuta kati ya dini. Arusi ya Kiislamu ina nikaha msikitini, lakini kabla yake familia zimekwisha kukutana kwa desturi ya gusaba na gukwa, kuomba mchumba na kutoa mahari, pakiwa na wasemaji wawili wanaoshindana kwa ufasaha wa Kinyarwanda. Idi husherehekewa kwa wali na nyama, na jirani Mkristo hupelekewa sahani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wote hutoka kwa umuganda. Jikoni nako kumechanganyika: isombe, kisamvu kilichotwangwa, ni sombe kwa Wakongo, kawunga, unga wa mahindi, ni neno la Kiswahili lililovaa kiambishi cha Kinyarwanda. Dagaa wa Tanganyika huitwa indagara, na samaki wadogo wa Kivu huitwa isambaza. Muuzaji asiyejua kutofautisha majina hayo mawili hupoteza wateja, kwa kuwa mnunuzi wa Burundi na yule wa Kamembe hawatafuti samaki mmoja.

Sokoni lugha hugawana kazi. Wanawake wanaovuka mpaka na bidhaa kichwani husalimiana kwa Kinyarwanda, Kirundi au Kishi kulingana na anayesalimiwa, lakini bei hutajwa kwa Kiswahili pale pande tatu zinapokuwapo. Ni Kiswahili chenye sura ya Kivu: batu na batoto badala ya watu na watoto, bitu badala ya vitu, katoto kwa mtoto mdogo, fasi kwa mahali, njo kwa ndio. Forodha haitwi forodha. Ni gasutamo kwa Mnyarwanda, neno lenye asili ya Kiingereza, na duwane kwa yule aliyezoea Kifaransa. Saruji inayotoka katika kiwanda kilichoko hatua chache kutoka sokoni huitwa sima, kutoka Kifaransa ciment. Neno saruji linafahamika kwa wanafunzi waliolikuta kitabuni.

7.0 Mwaka 1994

Historia ya mji haiandikwi kwa kuchagua kurasa. Maelezo mengi kuhusu Waislamu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yanasisitiza, kwa haki, wale waliowaficha majirani zao. Bugarama inalazimisha maelezo yaliyo mapana zaidi. Yusuf Munyakazi, mfanyabiashara na mkulima wa wilaya ya Bugarama ya wakati huo, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mwaka 2010 kwa mauaji ya kimbari na uangamizaji, kuhusiana na mashambulizi katika parokia za Shangi na Mibirizi tarehe 29 na 30 Aprili 1994. Alihukumiwa kifungo cha miaka 25, na adhabu hiyo ilithibitishwa katika rufaa mwaka 2011.

Shangi na Mibirizi ni majina yaliyokwisha kutajwa katika makala haya: kituo cha kwanza cha askari wa kigeni, na misheni ya kwanza ya Kinyaga. Kwa mtafiti wa lugha, mwaka 1994 una athari mbili zinazohitaji kutajwa kwa uwazi. Ya kwanza ni kwamba wengi waliokuwa na kumbukumbu ya mji waliuawa, na wengine wakakimbilia Kongo. Ya pili ni kwamba usaili juu ya asili ya familia, kazi na makazi, ambao ndio msingi wa isimujamii ya kihistoria, hauwezi kufanywa Bugarama kama unavyofanywa mahali pengine. Swali la kawaida kama "wazazi wako walifika hapa lini?" lina uzito ambao hojaji hazikuundwa kuubeba.

8.0 Sheria ya 2017 na darasa la Bugarama

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mkataba wa Jumuiya, katika ibara ya 137, unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Sheria ya msingi ya tarehe 20 Aprili 2017 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Kwa mtazamo wa Kigali, mfuatano huu ni wa kuingiza lugha mpya nchini: wafunze walimu, chapa vitabu, anza na salamu.

Katika sehemu kubwa ya nchi mpango huo unafaa. Katika bonde la Rusizi unazaa tatizo. Mtoto anayesema batoto na katoto darasani huambiwa kwamba amekosea, na mara nyingi huambiwa kwamba amechanganya na Kinyarwanda. Kwa kweli amesema Kiswahili cha Kivu, ambacho kinakubaliana na Kinyarwanda katika viambishi hivyo kwa kuwa zote mbili ni lugha za Kibantu zilizoishi pamoja. Kiambishi ba-, kwa kusema ukweli, ni cha kale kuliko wa- ya Kiswahili sanifu. Mtoto huyo si mjifunzaji wa lugha ya kigeni anayefanya kosa. Ni mzungumzaji wa lahaja moja anayehitaji kuongezewa nyingine, na mbinu za kufundisha makundi hayo mawili hazifanani.

Mfano wa mchele unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mwanafunzi wa Bugarama anayeandika "baba analima mchele" hana upungufu wa msamiati kuhusu zao hilo; pengine analijua kuliko mwalimu wake. Anachokosa ni ugawaji wa maana katika maneno matatu. Mwalimu aliyeandaliwa kwa ulinganishi ataeleza jambo hilo katika dakika tano na darasa litalikumbuka. Mwalimu ambaye hakuandaliwa atapiga mstari mwekundu, na mwanafunzi ataondoka akiamini kwamba Kiswahili cha nyumbani kwao ni Kiswahili kibovu. Imani hiyo inakutana na ile shutuma ya zamani ya umuswahiri, na matokeo yake ni familia zinazoona heri watoto wao waseme Kiingereza kidogo kuliko Kiswahili kingi.

Pingamizi la haki linaweza kutolewa hapa. Mtihani wa taifa ni mmoja, na mtoto wa Bugarama atashindana na mtoto wa Musanze kwa kipimo kimoja cha Kiswahili sanifu. Hakuna mshauri wa sera atakayependekeza mitihani ya lahaja. Lakini kipimo kimoja hakilazimishi njia moja ya kukifikia. Marekebisho yanayohitajika ni madogo na hayana gharama kubwa: sura moja katika mafunzo ya walimu wa wilaya za mpakani kuhusu sifa za Kiswahili cha Kivu na cha Bujumbura, faharasa fupi inayoweka sima kando ya saruji na fasi kando ya mahali bila kuita lolote kosa, na ruhusa ya kuanza somo kutokana na lugha ambayo darasa tayari linayo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo taasisi pekee yenye mamlaka ya kuzihusisha nchi tatu za bonde hili katika kazi kama hiyo, kwa kuwa hakuna nchi hata moja kati ya hizo inayoweza kuelezea Kiswahili cha Rusizi kwa kutazama ukingo wake tu.

Upo pia ukusanyaji wa masimulizi, ambao hauwezi kusubiri mzunguko wa mitaala. Watu walioshuhudia majaruba ya kwanza ya mpunga sasa ni wazee. Kinachotakiwa kurekodiwa ni mambo ya kawaida: nani aliuza mchele kabla haujalimwa, madereva walilala wapi, mwalimu wa madrasa alitoka wapi, bei ilitajwa kwa lugha gani. Maswali ya kazi na ya vitu hujibika Bugarama kwa wepesi zaidi kuliko maswali ya ukoo, na kwa sababu zilizoelezwa hapo juu ndiyo yanayopaswa kutangulia.

Upande wa Ruhwa una haraka ya pekee. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda mwezi Januari 2024, na wachuuzi waliokuwa wakivuka na indagara asubuhi na kurudi na unga jioni walikatizwa. Kiswahili chao cha kupatana bei, chenye Kirundi upande mmoja na Kinyarwanda upande wa pili, kilikuwa lugha ya kazi hiyo. Kazi ikisimama kwa miaka kadhaa, vijana wanaoingia sokoni hawatakuwa wamekisikia.